JE, HUCHOKA MGUU AU HUCHOKA UBONGO?



Kabla sijaingia katika kiini cha makala haya, hebu nikurudishe nyuma hadi siku ya mashindano ya riadha baina ya madarasa hapa shuleni petu. Bila shaka unazikumbuka mbio za mita 5,000. Raundi 12 na nusu, jua la saa nane likiwaka utosini, si mchezo wa kitoto. Wakimbiaji walianza kwa mbwembwe nyingi. Kufikia raundi ya 9 wawili walikuwa wamekwisha kujitoa na kujibwaga nyasini. Waliosalia walikuwa wakikokota miguu kama ng'ombe wanaorudi kutoka mnadani bila kuuzwa. Ungewatazama ungedhani mwalimu wa michezo anawaonea.

Basi kengele ya raundi ya mwisho ikalia. Lo! Wale wale waliokuwa hoi wakachomoka kama swara aliyeona chui. Shule nzima ikapiga mayowe. Aliyekuwa wa nne akashinda.

Swali langu ni hili: nguvu zile zilitoka wapi? Hakuna aliyewapa chakula pale njiani. Hakuna aliyewatia dawa. Kengele ni chuma tu, hailiwi. Kama miguu ilikuwa imekwisha kweli, iliwezaje kukimbia kasi zaidi mwishoni kuliko katikati?

Swali hili lilinisumbua kwa sababu, wasomaji wapendwa, mmoja wa wale wawili waliojibwaga nyasini alikuwa mimi. Mwenzangu mmoja alikuja kunipoza akasema, "Wacha tu bwana, usijali. Nyinyi Wabukusu ni watu wa mpira. Mbio waachie wenyewe." Tulicheka sote, lakini neno lile lilinikaa moyoni kama mwiba. Ndipo nikaanza kuuliza walimu na kusoma. Niliyoyapata ndiyo haya, na naamini yatawafaa hata wale ambao hawajawahi kuvaa kaptura ya michezo.

Hapo kale, katika miaka ya 1920, mtaalamu wa Uingereza aitwaye A. V. Hill alieleza uchovu kwa njia rahisi. Mwili ni kama injini. Mapafu huleta oksijeni, moyo huisukuma, misuli huitumia. Ukizidisha kasi, oksijeni haitoshi, asidi inajaa misulini, na mguu unakataa. Maelezo hayo ndiyo tuliyo nayo wengi wetu hata leo. Si ya uongo, kwani oksijeni na misuli ni lazima. Lakini yanashindwa kujibu swali letu la kengele.

Mtaalamu mwingine, Tim Noakes wa Chuo Kikuu cha Cape Town huko Afrika Kusini, alilishika swali hilo hilo. Alisema kuwa ubongo ni kama kiranja mkuu wa mwili. Kazi yake ni kuhakikisha mwili haujiharibu. Kwa hivyo huwa hangoji nguvu ziishe kabisa. Huanza kuleta uchovu mapema, ili pabaki akiba. Mfikirie dereva wa matatu kutoka Kitale kwenda Bungoma. Taa ya mafuta huwaka kabla tangi halijakauka, sivyo? Akiiona taa, hupunguza mwendo na kutafuta kituo cha mafuta. Kengele ya raundi ya mwisho humwambia kiranja kuwa safari imekaribia kwisha, akiba sasa yaweza kutumiwa. Naye hufungua ghala.

Si wataalamu wote wanaokubaliana na Noakes. Samuele Marcora, mzaliwa wa Italia aliyefanya kazi Uingereza, asema hakuna haja ya kiranja wa siri. Kwa maoni yake, mtu huacha kukimbia pale anapohisi kuwa juhudi imezidi kile alicho tayari kutoa. Ni uamuzi. Ingawa wanabishana, wote wawili wanakutana mahali pamoja: kabla mguu haujashindwa, ubongo huwa umekwisha kusema neno lake.

Sasa utauliza, "Haya ni maneno tu, ushahidi uko wapi?" Swali zuri. Naleta mashahidi wawili.

Wa kwanza ni kinywa chako. Mwaka wa 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham waliwapandisha waendesha baiskeli 9 kwenye baiskeli za kupimia, zile zisizokwenda popote, wakawapa kazi ya muda wa saa moja hivi. Siku moja walisukutua kinywa kwa maji matupu wakatema. Siku nyingine walisukutua kwa maji yenye wanga usiokuwa na utamu, wakatema vilevile. Hawakumeza hata tone! Siku ya wanga walimaliza kazi mapema kwa karibu dakika 2. Ajabu ni kuwa watafiti hao hao walipopitisha sukari moja kwa moja kwenye damu kupitia mshipa, haikusaidia chochote. Mwaka wa 2009 ubongo ulipigwa picha watu wakiwa wamesukutua, ikaonekana kuwa zile sehemu zinazohusika na kupata zawadi na furaha zinaamka. Kinywa kilikuwa kimepeleka habari kwa kiranja: "Chakula kinakuja, usiogope." Kiranja akalegeza kamba.

Shahidi wa pili atawafurahisha wanafunzi wote. Mwaka wa 2009 Marcora na wenzake walichukua watu 16. Siku moja walikaa mbele ya kompyuta dakika 90 wakifanya kazi ya kuchosha akili, ya kuangalia herufi na kubonyeza kwa makini bila kupumzika. Siku nyingine walitazama filamu za kawaida kwa dakika hizo hizo 90. Baadaye walipanda baiskeli na kukanyaga mpaka mwisho wa uwezo. Baada ya filamu walidumu wastani wa sekunde 754. Baada ya kazi ya akili walidumu sekunde 640 tu. Moyo na misuli havikuonyesha tofauti ya kueleza jambo hilo. Kilichobadilika ni kuwa kazi ile ile waliihisi kuwa nzito zaidi. Ndugu zangu, kwa hivyo ukitoka kwenye mtihani wa hesabu kisha mguu ukawa mzito uwanjani, wewe si mvivu. Sayansi inakutetea.

Hapo nilianza kujiuliza habari za nyumbani. Sisi wa Trans Nzoia na Bungoma tunaishi baina ya Mlima Elgon na Milima ya Cherangani. Mji wa Kitale uko juu kiasi cha mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Iten, mji wa wakimbiaji, uko mita 2,400 hivi. Majirani zetu wamezoa nishani duniani kote. Je, ni kweli kuwa wao walizaliwa na mbio damuni, na sisi wengine tulizaliwa kuwapigia makofi?

Watafiti wamekuja mara nyingi kulitafuta jibu hilo. Bengt Saltin kutoka Skandinavia alikuja na wenzake, wakawapima wakimbiaji wa huku na wa kwao, na mwaka wa 1995 wakachapisha matokeo. Walitarajia labda kukuta mapafu na mioyo ya ajabu. Wapi! Kiasi kikubwa kabisa cha oksijeni ambacho Mkenya angeweza kutumia hakikuwapita sana wale mabingwa wa Skandinavia. Tofauti ilikuwa katika matumizi. Mkenya alitumia oksijeni kidogo zaidi kwenda kasi ile ile, kama pikipiki inayokunywa mafuta kidogo. Sababu moja inayotajwa ni miguu myembamba chini ya goti, kwani mzigo ulio mbali na nyonga ni ghali kuubeba kila hatua.

Aidha, Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzake, akiwemo Yannis Pitsiladis aliyekuwa Glasgow, waliwauliza mamia ya wanariadha wa Kenya habari za maisha yao, wakachapisha mwaka wa 2006. Waliona kweli kuwa wengi wametoka katika jamii za Wakalenjin na Bonde la Ufa. Lakini waliona pia kuwa wanariadha walikuwa wamekwenda shule mbali zaidi, na wengi zaidi walikwenda wakikimbia, kuliko Wakenya wa kawaida. Wengine walipotafuta jini, yaani ile chembe ya urithi, ambayo ingeeleza yote, hawakuipata.

Kisha kuna utafiti ulionifurahisha kuliko zote, kwa sababu unagusa ubongo wenyewe. Mwaka wa 2015 kundi lililoongozwa na Jordan Santos-Concejero liliwapima wakimbiaji hodari 15 wa Kikalenjin wakikimbia kilomita 5 kwa nguvu zote. Walifungwa kifaa kwenye paji la uso kinachopitisha mwanga na kusoma kiasi cha oksijeni kilichomo katika sehemu ya mbele ya ubongo. Sehemu hiyo ndiyo ya kupanga na kuamua. Wakimbiaji wengine wanapokaza mbio mpaka mwisho, oksijeni katika sehemu hiyo huweza kushuka. Kwa hawa 15, oksijeni ilidumu mahali pake tangu mwanzo hadi utepe. Watafiti walifikiri kuwa huenda jambo hilo latokana na kukulia kwenye miinuko tangu tumboni mwa mama na kuchezacheza na kukimbia sana utotoni.

Tafadhali soma tena maneno hayo. Kukulia kwenye miinuko. Kukimbia utotoni. Watafiti hawakumpima Mbukusu wala Mturkana wala Mkikuyu wa Kitale, kwa hivyo utafiti wao hausemi kuwa sisi hatuna. Mkulima yeyote wa hapa kwetu analijua jambo hili bila kwenda chuo kikuu. Nunua mbegu bora ya mahindi, ile ya 614, uitupe kwenye shamba lisilolimwa, lisilopaliliwa, lisilotiwa mbolea. Utavuna mabua. Mbegu ina maana, sikatai. Lakini hakuna mkulima anayetazama punje mkononi na kusema, "Hii itatoa magunia 30." Yeye hupanda kwanza. Mbona basi mtoto wa watu ahukumiwe kwa kabila lake kabla hajapandwa?

Wakati mwingine ubongo wa mshindani nao huwa sehemu ya mbio. Hadithi ya Ben Jipcho, mzaliwa wa Mlima Elgon papa hapa, yaonyesha hivyo. Mwaka wa 1968 kule Mexico City, Kipchoge Keino alikuwa mgonjwa wa nyongo. Alikuwa amekwisha kuanguka katika mbio za mita 10,000 kwa maumivu ya tumbo. Katika mita 1,500 alikabiliwa na Jim Ryun wa Marekani, ambaye hakuwa ameshindwa katika masafa hayo kwa miaka mitatu. Ryun alikuwa amepanga akilini mwake kuwa, kwa sababu Mexico City iko juu zaidi ya mita 2,200, muda wa dakika 3 na sekunde 39 ungetosha kushinda. Mpango mzuri. Alikimbia dakika 3:37.8, bora kuliko mpango wake.

Lakini Jipcho aliondoka kama mshale na kupita raundi ya kwanza kwa sekunde 56 hivi, Keino akiwa nyuma yake. Ryun akakwama baina ya mambo mawili: auvunje mpango wake au awaache waende? Aliwaacha. Keino akashinda kwa 3:34.9, mbele kwa kiasi cha mita 20. Jipcho mwenyewe alimaliza wa 10. Hata hivyo nyota yake haikuzima. Mwaka wa 1972 alipata fedha Munich katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na mwaka wa 1973 akaweka rekodi ya dunia ya mbio hizo kule Helsinki. Aliaga dunia mwaka wa 2020. Wengi wetu hupita barabara ya Endebess bila kujua kuwa bingwa kama huyo alitoka kwenye mlima ule tunaouona kila asubuhi.

Je, na mitambo? Hapa ndipo vijana wengi hupiga kelele, "Ni viatu!" Ni kweli, viatu vimebadilika. Katika miaka ya 2010 kilitoka kiatu chenye soli nene ya povu jepesi na ubao mwembamba wa kaboni ndani yake. Povu hubonyea na kurudisha nguvu nyingi ya kishindo badala ya kuipoteza. Watafiti wa Colorado walipokipima waliona kuwa kinapunguza nguvu zinazotumika kwa wastani wa asilimia 4. Mwaka wa 2020 wakuu wa riadha duniani waliweka sheria kuwa soli ya kiatu cha mbio za barabarani isizidi milimita 40 na isiwe na zaidi ya ubao mmoja.

Mnamo tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40. Alikuwa na viatu hivyo, alikuwa na sungura 41 waliopokezana kumkinga upepo, na mbele yao gari la umeme likimulika mistari barabarani kuwaonyesha mahali pa kukanyaga. Kwa ajili ya misaada hiyo haikuhesabiwa kuwa rekodi. Lakini nadhani msaada mkubwa ulikuwa kwa ubongo. Kipchoge hakulazimika kuhesabu kasi wala kubahatisha upepo. Kiranja wake alipumzika, miguu ikafanya kazi. Mwenyewe alikuwa akitabasamu njiani, na hilo si la madoido tu. Mwaka wa 2018 Noel Brick na wenzake waliwapima wakimbiaji 24, wakaona kuwa waliotabasamu walitumia oksijeni kidogo kuliko walipokunja uso.

Ila mitambo si mungu. Tarehe 26 Juni 2025 mjini Paris, Faith Kipyegon alijaribu kuwa mwanamke wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 4. Alikuwa na mavazi maalumu, viatu maalumu na sungura wengi. Alikimbia kasi kuliko rekodi yake mwenyewe, lakini dakika 4 zilimshinda kwa zaidi ya sekunde 6. Mwili una ukuta wake. Ubongo hautaufanya ukuta huo utoweke. Hutuzuia tu tusiufikie.

Kwa sababu hiyo natoa onyo. Usije ukasema, "Mwandishi wa jarida la chama alisema uchovu ni mawazo." Sikusema hivyo. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, au una homa ya malaria, simama! Kiranja hakuwekwa pale bure.

Basi sisi wa shule ya kutwa tufanye nini? Jambo la kwanza halina gharama. Mwaka wa 2014 Marcora na wenzake walichukua watu 24. Nusu yao walifundishwa kwa majuma mawili kujisemesha maneno ya kujitia moyo wakiwa katika mazoezi. Waliporudi kwenye baiskeli walidumu zaidi kwa asilimia 18. Wenzao ambao hawakufundishwa hawakuongeza kitu. Maneno yawe yako mwenyewe, mafupi, ya kweli. Mimi nimechagua mawili: "Bado nipo."

La pili, zigawe mbio. Usifikirie raundi 12 ukiwa kwenye ya 3. Fikiria kona inayofuata. La tatu, lala vizuri. La nne, ndugu yangu unayeishi kilomita 3 au 4 kutoka hapa, pesa za bodaboda za kila siku zinakununulia nini? Wanariadha wa Onywera walikwenda shule kwa miguu yao. Sisi tuna barabara ile ile bila kulipa ada.

Kwa walimu wetu wapendwa nina ombi, nami naomba radhi ikiwa nakosa adabu. Majaribio ya kuchagua timu yasifanywe jioni baada ya mtihani. Pili, mwanafunzi asiachwe kwa sababu alishindwa mara moja, wala asichaguliwe au kuachwa kwa kutazamwa jina lake la mwisho. Katika mkoba wangu wa utafiti sikuona mashine hata moja inayopima jina.

Tangu mwezi uliopita nimekuwa nikirudi nyumbani Matisi kwa kukimbia, mkoba mgongoni, watoto wakinizomea, "Mwizi! Mwizi!" Sijawa bingwa. Juzi nilifika kwenye kona ya mwisho nikahisi mguu umekataa kabisa, nikakumbuka kengele. Nikajiambia, "Bado nipo," na mguu, ambao ulikuwa umekufa, ukaenda hadi langoni. Mashindano ya madarasa yakirudi nitakuwa kwenye mstari. Sina hakika ya kushinda. Lakini nyasi zile hazitaniona tena raundi ya 9.

Wahenga walisema penye nia pana njia. Nami naongeza: nia hukaa ubongoni, lakini njia hukimbiwa kwa miguu. Tukutane uwanjani.

Mwanachama, Kidato cha Tatu